Usimpe Mama Maji

Nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha sita, chaki mkononi, nawaeleza kwa nini katika vitabu vya zamani vya Kiingereza mvua hainyeshi bure, simu ikaanza kutetemeka kwenye mfuko wa sketi. Sikuitoa. Nilijiambia ni matangazo ya mtandao, wale watu hawana haya. Lakini ikaendelea kutetemeka, na matangazo hayaendelei.

"Madam," akauliza binti mmoja wa dawati la mbele, mbishi, mwenye akili zake, "kwani mvua haiwezi kunyesha tu? Masika si masika?"

Darasa likaangua kicheko. Hapo ni Kibaha, upande wa Kongowe, shule ya wasichana pekee, na masika yenyewe yalikuwa juu yetu yanatwanga bati mpaka nafundisha kwa kupayuka. Swali lilikuwa la haki kabisa. Ila mimi nafundisha fasihi ya Kiingereza tangu nimalize chuo, na kazi yangu yote imesimama juu ya kulikataa swali hilo.

"Hapo nje mvua ni mvua," nikamwambia. "Ndani ya kitabu kuna mtu alikaa akaamua inyeshe. Muulize alikuwa anataka nini."

Nikawamwagia mifano. Binti akiachwa na mchumba hutoka kwenda kutembea, mvua inamlowesha chapachapa, ukifungua sura inayofuata yuko kitandani anaweweseka kwa homa. Mto unapita nyuma ya nyumba tangu mwanzo wa hadithi, mpole, mzuri, na msomaji mvivu anadhani ni mapambo. Msomaji mwerevu anaanza kujiuliza utaondoka na nani. Bahari inamchukua kijana maskini inamrudisha tajiri, au hairudishi kitu. Na mwanamke aliyefungiwa milango yote, maskini wa Mungu, waandishi wale wa kale walikuwa hawachelewi kumpeleka ukingoni mwa maji. Nikageukia ubao nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI SI MAJI. Nikapiga na mstari chini yake.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii nikatoka barazani.

Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anayeishi naye Kisarawe. Hakusalimia. Mama mdogo ni mtu ambaye hata nyumba ikiungua atakuuliza kwanza habari za kazi, kwa hiyo aliporuka salamu nikajua kuna jambo.

"Mama yako anakohoa tangu asubuhi," akasema. "Na mwili wa moto."

"Mmempa maji?"

"Mimi?"

"Mama mdogo, nakuuliza, kuna mtu kampa mama maji?"

"Wallahi, maji hayajagusa mdomo wake."

Nikamwamini. Yule hali yamini ovyo.

Inabidi nieleze hapa, maana mtu akisikia mtoto anauliza habari za mama yake kupewa maji, na kwa sauti ile, kama anauliza habari za sumu, atadhani nimerukwa na akili.

Mama alipigwa na kiharusi kabla mvua hazijaanza. Alikuwa uani anamenya mihogo, anamsema jirani kama kawaida yake, mama mdogo akaona kisu kinamponyoka na mdomo umekwenda upande. Mungu alisaidia akafikishwa hospitali. Roho ilibaki. Akili ilibaki. Ulimi mkali nao ulibaki, ila ukawa mzito, na upande wote wa kulia ukalala, mkono na mguu. Tukashukuru hivyo hivyo. Siku ya kutoka, nesi akatuita pembeni, mimi na mama mdogo, akatuambia jambo ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu.

"Mama asipewe maji. Wala chai, wala soda, wala chochote chepesi."

Tukatazamana. Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye subira, akatueleza taratibu. Koo la mama limelegea. Kile kifuniko kinachoziba njia ya hewa mtu anapomeza kinachelewa kufunga. Kitu kizito kinakwenda polepole, kifuniko kinawahi. Maji yanakimbia, yanaingia mapafuni, na mara nyingine mgonjwa hata hakohoi mkajua. Kwa hiyo apewe uji mzito, mtindi, papai la kuponda, viazi vya kuponda. Maji atayapata humo humo, mpaka koo lipate nguvu.

"Yaani anaweza kuzama," nikasema. Sijui lilinitokaje.

"Anaweza kuzama kitandani," nesi akajibu, "kwa kijiko tu."

Neno hilo liliniganda kichwani. Mimi kuzama nimekujua vitabuni: mto, ziwa, meli inayovunjika, shali inayoelea. Sikujua kama mtu anaweza kuzama Kisarawe, kilimani, chini ya chandarua, siku ya jua kali. Nikiwa narudi Kibaha jioni ile nikaanza kuwaza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza kwa miaka yote ya ualimu wangu. Katika vitabu vile maji ni ya kuzamia, ya kuvuka, ya kufananisha na machozi, ya kusafishia dhambi. Ya kunywa ni machache mno. Watu wanakunywa chai, wanakunywa mvinyo, lakini mtu kusema tu nina kiu, naomba maji, utalitafuta hilo mpaka uchoke, labda umkute baharia aliyepotea. Wala hakuna anayechota. Mtu anaoga, maji yamefika, nani kayabeba mwandishi hana habari. Ni watu wa nchi ya mvua. Sisi mgeni akikaa, kabla hajataja kilichomleta, ameshawekewa maji. Mama alipenda kusimulia kwamba neno langu la kwanza, kama watoto wengi, lilikuwa "mma". Nilikuwa nataka maji.

Na sasa yeye ndiye aliyekuwa akiyataka.

Mwanzoni aliomba kwa upole. Baadaye akaanza kunitukana. Nilikuwa naenda Kisarawe kila mwisho wa wiki, na kila nikiingia chumbani, kabla sijampa shikamoo vizuri, macho yake yalikuwa mikononi mwangu kuona nimebeba nini.

"Umeleta maji?"

"Nimeleta papai, mama."

"Papai nililipanda mimi, limejaa huko nje. Nimekuuliza maji."

"Mama, nesi kasema..."

"Nesi kakuzaa? Nimekubeba, nimekunyonyesha, leo unaninyima maji. Hata mbwa hanyimwi maji."

Alikuwa anasema hivyo kwa ule ulimi mzito, maneno yanagongana, na mimi namwelewa neno kwa neno. Nikatoka nikaenda kulia chooni, mwanamke mzima, mwalimu, nimeziba mdomo na mtandio. Niliogopa. Niliogopa asipewe maji akafa na kiu huku ananidai, na niliogopa apewe akazama. Katikati ya hofu hizo mbili hapakuwa na nafasi hata ya kuweka mguu.

Wageni ndio walinimaliza. Kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja mmoja, wanakuja kwa makundi, wanakaa kwenye mkeka, wanasoma dua, halafu mmoja anamwinamia mgonjwa: "Unataka nini, dada yangu?" Na mama, ambaye hakuwa mjinga, anajibu kwa sauti ya kuhurumisha kuliko aliyokuwa akitumia kwangu: "Maji." Hapo utaona vikombe vinavyoanza kutembea. Nikabandika karatasi mlangoni, USIMPE MAMA MAJI, kwa maandishi makubwa. Lo! Bora nisingebandika. Habari zikaenda mpaka msikitini, mpaka sokoni, kwamba yule mwalimu wa Kibaha kasoma mpaka kapitiliza, anamuua mama yake kwa kiu, na ameandika kabisa. Bibi mmoja wa jirani akaniamkua mimi shikamoo kwa kejeli.

Mama mdogo peke yake alinitetea. "Ni amri ya hospitali," aliwaambia. "Maji hapewi." Alisimama mlangoni kama askari. Alikuwa anampenda dada yake mapenzi ya ajabu. Wameishi pamoja tangu wote wawili wawe wajane, wanagombana kuanzia alfajiri mpaka isha, na hakuna anayelala kabla hajahakikisha mwenzake kalala. Nikirudi Kibaha roho ilikuwa inatulia kidogo kwa sababu yake. Kidogo tu. Darasani nilikuwa siwezi kunywa maji mbele ya wanafunzi. Nikisikia mtoto kapaliwa kwenye bwalo, nasimama. Bomba likitoa maji baada ya mgao, ile sauti yake ya kukorota nilikuwa siipendi kuisikia.

Sasa turudi kwenye simu. Nikaomba ruhusa, nikavaa koti la mvua, nikapanda bodaboda kupitia Kiluvya, kwa sababu kuzunguka mjini niliona nitachelewa. Njia ilikuwa tope na makorongo. Dereva akaniambia, "Dada, shikilia, hapa tunaomba Mungu." Mvua ilikuwa inanipiga usoni na mimi, badala ya kufikiria njia, nilikuwa naisoma. Ndivyo kazi ilivyoniharibu. Ningekuwa nasoma sura hii kitabuni, binti anakimbilia kwa mama yake mgonjwa, mvua inanyesha tangu mwanzo wa sura, mto umejaa mpaka kwenye kalvati, ningekwishawaambia wanafunzi wangu: jiandaeni, huyu mama hafiki mwisho wa sura. Nikamwambia Mungu kwa sauti kabisa, juu ya pikipiki, hii ni mvua tu, ni masika tu, tafadhali. Dereva akaitikia amina. Nadhani alidhani namwombea yeye.

Nilimkuta mama ameshapelekwa hospitali. Alikuwa amewekewa oksijeni, macho yamefumba, na kifuani mwake kulikuwa na sauti ambayo siwezi kuieleza vizuri ila ni kama uji unapoanza kuchemka. Daktari akasema ni nimonia, kuna kitu kimeingia mapafuni. Akauliza alichokuwa anakula. Nikamtajia: uji mzito, mtindi, papai. Akauliza maji. Nikasema kwa uhakika wote, hapana, hajapewa. Akanitazama kama hakuniamini. Nikakasirika. Nilikuwa tayari kugombana na daktari wa watu kwa ajili ya kiapo cha mama mdogo.

Jioni ile tulirudi nyumbani, mimi na mama mdogo, kuchukua khanga na vyombo. Jikoni, kwenye kichanja, kulikuwa na sahani nyeupe imeinamishwa ikauke. Nikaichukua niweke ndizi. Pembeni ilikuwa na rangi ya manjano, imefifia, na juu ya rangi hiyo yalionekana mabaki ya maandishi.

"Hii sahani ni ya nini?"

"Ya kombe," akasema mama mdogo, anakunja khanga.

"Kombe la nani?"

"La mama yako, la nani tena? Mwalimu wa madrasa kamwandikia aya, kwa zafarani safi. Nimeisuuza vizuri, nimemnywesha na bismillahi. Juzi, na jana tena." Akainua uso, ameridhika. "Na alikunywa yote, alhamdulillahi. Hakuacha hata tone."

Nilikiweka kile chombo chini polepole, nikiogopa nitakivunja.

"Mama mdogo. Umeniapia kwenye simu. Umesema hajanywa maji."

"Maji sijampa. Nimempa kombe."

"Kombe si maji?"

Akanitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtu msomi aliyekwama kwenye kitu kidogo. "Maji ni yale ya mtungini, mwanangu. Yakishayachukua maneno ya Mungu yanakuwa dawa. Maneno ya Mungu yatampaliaje mtu?"

Nikalipuka. Sitaki kudanganya, nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia uani. "Maji ni maji, mama mdogo! Uandike juu yake unachotaka, uyasomee unachotaka, ni maji! Yanakimbia! Yameingia mapafuni! Koo halijui kusoma!"

Na hapo hapo, mdomo ungali wazi, nikaliona darasa langu. Nikauona ubao. Kama hakuna aliyefuta, kule Kibaha maneno yangu yalikuwa bado yamesimama kwa herufi kubwa na mstari chini. Nimelipwa mshahara miaka yote hii kuwafundisha watoto wa watu kwamba mto si mto, mvua si mvua, kwamba maji yakishapita mikononi mwa maneno hayabaki maji. Mama mdogo hakuwahi kukaa darasani kwangu hata siku moja, na alikuwa ameyashika mafunzo hayo kuliko wote.

Alikaa kwenye kigoda. Alikuwa ameelewa. Uso wake ulikuwa kama umemwagiwa jivu.

"Nimemuua dada yangu," akasema.

"Hajafa."

"Nimemuua kwa mkono wangu, na bismillahi juu yake."

Nilipaswa kumkumbatia. Nilichukua kapu la vyombo nikasema twende, hospitali watafunga mlango. Hasira haikuniisha jioni ile, wala kesho yake. Nilikuwa namhurumia na nimemkasirikia kwa wakati mmoja, na nilikuwa nimechoka kupita kiasi. Maji yalikuwa yamezidi unga. Njiani alinifuata nyuma, viatu vyake vinabaki kwenye tope anavirudia.

Siku zilizofuata tulikaa wodini tukisikiliza kifua. Hakuna kingine cha kufanya. Unakaa kwenye kiti, unasikiliza pumzi ya mtu, na pumzi ikichelewa kidogo na wewe ya kwako inasimama. Midomo ya mama ilikuwa imepasuka, tunaipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, na hata usingizini ulimi wake ulikuwa unakitafuta kile kitambaa. Mama mdogo hakuthubutu kumgusa. Alikaa upande wa miguuni, tasbihi mkononi, haihesabu. Siku moja akaniuliza, kwa woga, kama mtoto anayeomba ruhusa: "Hata kumsomea nisimsomee?"

Hapo ndipo hasira ilipovunjika. "Msomee," nikamwambia. "Msomee sikioni. Sikio halipaliwi."

Akahamia upande wa kichwani, akainama, akaanza. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikawa nasikiliza sauti hizo mbili, ya kisomo na ya kifua, sijui ipi itashinda.

Homa ikashuka. Oksijeni ikaondolewa. Mama alipofumbua macho vizuri, jambo la kwanza alilofanya ni kutazama mikono yangu.

Nikarudi Kibaha kwa muda mfupi, kazi haisubiri. Ubao ulikuwa umefutwa. Yule binti mbishi akanyoosha kidole: "Madam, tulikuwa kwenye maji si maji."

Nikaokota chaki, nikairudisha mezani. "Jamani," nikasema, "mara nyingine ni maji tu."

Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa hofu ya kweli, "Sasa kwenye mtihani tuandike lipi?"

"Andikeni si maji tu. Mtihani unataka hivyo." Wakacheka, wakaandika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza yule nesi, ambaye aliniambia kabla sijaondoka kwamba nikirudi atamjaribu mama. Kijiko kimoja cha chai, maji matupu. Lazima tujue koo limefika wapi, alisema, hatuwezi kumwacha na uji maisha yake yote.

Sikulala vizuri hata mara moja kati ya hapo na siku yenyewe. Kifua ndiyo kwanza kimetulia, halafu tuyaingize maji kwa makusudi? Nilifika Kisarawe nimeshaamua kukataa. Nikamfuata nesi kwenye meza yake.

"Tukingoja kidogo?"

"Tukingoja mpaka lini?" akaniuliza, bila ukali. "Mama yako anakonda. Anakataa uji. Jana kaufunga mdomo, kasema mpaka apewe maji. Unajua hilo?"

Sikuwa najua. Mama mdogo, pembeni, akaangalia chini. Hakutaka kuniambia kwenye simu.

Tukamkalisha mama wima, mito mgongoni. Nesi akamimina maji kwenye kikombe, maji ya kawaida, yaliyochemshwa, na kile kikombe kilipopita mbele ya mama shingo yake iliyokuwa imelegea ikakifuata. Nesi akaeleza. Ni vizuri mtu ajipelekee mwenyewe mdomoni, koo linajiandaa. Atameza mara moja, kidevu chini. Halafu atatamka neno lolote. Sauti ikitoka safi, vizuri. Ikitoka kama mtu anayeongea na maji kooni, basi yamepita kusikofaa, tunaacha, tunarudi kwenye uji, na tunaomba Mungu kwa hayo yaliyopita.

Akampa kijiko katika mkono wa kushoto, ule mzima. Mama akakitazama, akakirudisha.

"Huo wa chooni," akasema.

"Mama, ni leo tu," nikamsihi. "Mungu anajua."

"Najua anajua. Na mimi najua." Kiu yote ile, na bado ana maringo yake. "Wa kulia."

Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka tangu siku ya mihogo. Nikauinua. Ulikuwa mzito, wa baridi kidogo. Nikamkunjia vidole kwenye mpini wa kijiko, nikavifunika kwa vidole vyangu, na hivyo hivyo tukachota, mimi na yeye. Maji yalikuwa yanatikisika kijikoni. Mama mdogo alikuwa ameshika vyuma vya kitanda, midomo inakwenda bila sauti. Nikafikiri, nikiyamwaga haya shukani itakuwa nafuu. Nikafikiri, nikiyafikisha na yakaenda kusikofaa, mkono uliomuua utakuwa huu, umeushika wa kwake. Mama akainamisha kidevu kama alivyoambiwa. Akafungua mdomo.

Maji yakaingia. Niliona koo likipanda, likasimama, likashuka.

Hakukohoa. Lakini hata ile mara ya kombe, mama mdogo alisema baadaye, hakukohoa papo hapo.

"Sema neno, mama," nesi akamwambia, sikio karibu. "Neno lolote."

Mama alikuwa amefumba macho. Nilimwona anauzungusha ulimi mdomoni, taratibu, anatafuta kama kuna kilichobaki. Nikataka kumtikisa. Sema, nikawa namwomba moyoni, nitukane, sema chochote.

"Ongeza," akasema.

Sauti ilikuwa kavu. Ilikuwa nzito kwa ulimi ule, lakini kavu, safi, ya kwake, ile ya kumsema jirani uani. Nesi akanyoosha mgongo, akatabasamu. Mama mdogo akajifunika uso kwa ushungi, akalia kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini.

"Leo kimoja kinatosha," nesi akasema, akachukua kikombe. "Tumsikilize kifua mpaka kesho. Kikiwa kizuri, kesho viwili."

Mama hakumtazama nesi. Alinitazama mimi, maana kwake yeye mwenye maji ni mimi, tangu mwanzo ni mimi.

"Ongeza," akarudia.

"Kesho, mama."

"Kesho unayo wewe?"

Sikuwa nayo. Nikasema tena kesho, na nikatelezesha vidole vyangu kutoka juu ya vidole vyake ili nikichukue kijiko nikakisuuze. Nikakivuta. Hakikutoka. Nikadhani kimenaswa kwenye shuka, nikainua shuka nikaangalia. Mkono wa kulia ulikuwa umekishika wenyewe.